Maneno ya Kuonea na Kudhulumu: Maana Yake na Historia Yake

Katika Kiswahili hakuna neno moja linalotosha kutaja kila namna ya mtu kutendewa isivyo haki. Yako maneno mengi, nayo hayakuzaliwa siku moja wala mahali pamoja. Mengine ni ya asili ya Kibantu, yamechipuka katika vitenzi vya kila siku kama kuona, kupenda na kunyonya. Mengine yalitoka kwa Waarabu, yakaingia kwa njia ya dini, biashara na hukumu za makadhi. Mengine yalikulia sokoni, penye pishi na mizani. Kila moja lina kazi yake. Walakini siku hizi twasikia, na katika maandishi twasoma, watu wakiyatumia yote kwa maana moja, kana kwamba kuonea na kudhulumu, kupunja na kubagua, ni majina manne ya mtu mmoja.

Kuyachanganya maneno haya si kosa la sarufi tu. Mtu asimamapo mbele ya wazee wa baraza, au mbele ya kamati ya shule, au mbele ya halmashauri ya kanisa, neno alitumialo kutaja shida yake ndilo litakaloamua ataulizwa nini. Na swali aulizwalo ndilo litakaloamua atapata nini. Akilikosa neno lake, huenda akarudi nyumbani amefarijiwa, na mali yake ikabaki mikononi mwa mwingine. Kwa hiyo tumeona yafaa kuyapima maneno haya moja moja, kutazama asili yake na jinsi yalivyotumika katika nyakati mbalimbali, kisha kuonyesha faida yake kwa mwalimu na mchungaji.

1. Kuonea

Kitenzi hiki kimezaliwa na kuona. Tukikiweka pamoja na jina linalotaja hali ya moyo, hakina ubaya wo wote: mtu humwonea mwenziwe huruma, humwonea haya mkwewe, huionea fahari kazi ya mikono yake. Hata mtu amwoneapo jirani yake wivu, ubaya umo katika wivu, haumo katika kuonea. Lakini jina lile likiondolewa, kitenzi kikabaki peke yake, maana yake hugeuka. Tukisema, “Fulani amemwonea mwenziwe,” kila asikiaye afahamu ya kuwa amemtenda vibaya kwa sababu amemzidi nguvu.

Hapo ndipo penye kiini cha neno. Mtu hamwonei aliye sawa naye. Vijana wawili wa rika moja wakishindana mieleka, aangukaye ameshindwa, hakuonewa. Lakini mtu mzima akimpiga mtoto, au watu kumi wakimwangukia mmoja, au karani akimsimamisha mzee juani mchana kutwa kwa sababu tu mzee hawezi kumfanya neno, hao wote wameonea. Neno hili halitaki kuwa kitu kimechukuliwa. Lataka kuwa nguvu zimepitana, na mwenye nyingi amezitumia juu ya mwenye chache. Methali zetu zashuhudia jambo hilo. “Mwenye nguvu mpishe,” husema wazee, na tena, “Dua la kuku halimpati mwewe.” Kuku ana malalamiko ya haki kabisa, lakini mwewe hayuko chini ya sheria ya kuku.

Tena kuonea hakutaki kuwa sheria imevunjwa. Bwana aweza kumlipa mtumishi wake mshahara wote, siku ile ile ya ahadi, asimpunguzie hata senti moja, na bado akawa anamwonea: humwita kwa matusi mbele ya watoto wake, humtuma usiku jambo ambalo lingeweza kungoja asubuhi, humcheka akosapo. Kwa sababu hiyo aliyeonewa mara nyingi hana hati wala shahidi. Anao uchungu, na uchungu haushikiki kwa mkono ukawekwa mezani pa hakimu.

Mfano mkubwa wa neno hili katika historia ya Tanzania ni Azimio la Arusha, lililotangazwa na TANU tarehe 5 Februari 1967. Penye maneno yake ya ukali, Azimio lile lilitumia vitenzi vitatu katika hali ya kutendwa: kuonewa, kunyonywa, na kupuuzwa. Kisha likataja sababu yake, nayo ni unyonge. Mwandishi alichagua kwa ujuzi wa lugha. Kama neno lake kuu lingalikuwa kudhulumiwa, swali la kwanza la msomaji lingalikuwa, “Tumechukuliwa nini, na nani, ili akirudishe?” Lakini kwa kusema kuonewa, alilielekeza jicho kwenye tofauti ya nguvu, na dawa ya tofauti ya nguvu ni mnyonge kupata nguvu. Ndiyo maana Azimio lile lilifika kwenye kujitegemea. Ni kweli ya kuwa mabenki yalitaifishwa mara baada ya tangazo lile. Lakini hilo nalo lilielezwa kuwa ni kuzishika njia kuu za uchumi, yaani kupata nguvu, wala halikuelezwa kuwa ni kudai deni la zamani.

2. Kudhulumu

Neno hili ni la Kiarabu. Wataalamu wa lugha ile hulieleza kuwa ni kukiweka kitu mahali pasipo pake. Kwa maelezo hayo kila uovu waweza kuitwa dhuluma, hata dhambi ya mtu kwa Mungu, hata kosa la mtu juu ya nafsi yake mwenyewe. Lilipofika pwani yetu na kuingia vinywani mwa Waswahili, upana ule haukupotea kabisa, hasa katika maneno ya dini. Lakini katika mambo ya kila siku neno lilijibana, likapata mpaka ulio wazi. Kumdhulumu mtu ni kumnyima au kumnyang’anya kilicho chake.

Sarufi yenyewe yatuonyesha. Twasema, “Amenidhulumu shamba langu,” “Wamemdhulumu mjane urithi wake,” “Walitudhulumu ujira wa miezi miwili.” Kitenzi kimeshika vitu viwili kwa pamoja: mtu aliyetendwa na mali iliyozuiliwa. Sasa jaribu kukiweka kitenzi cha kuonea mahali pale pale. Hakuna Mswahili asemaye, “Amenionea shamba langu,” akikusudia maana ile. Kuonea hakuna nafasi ya mali. Kudhulumu kunayo, na mara nyingi kunaidai.

Kutoka hapo yafuata jambo zito. Dhuluma huacha kitu mikononi mwa dhalimu. Matusi ya jana yamekwisha kutamkwa, hayarudi kinywani. Lakini shamba lililochukuliwa jana lipo, mtu analilima leo, na mwanawe atalilima kesho. Kwa hiyo dhuluma yafanana na deni: haifi pamoja na aliyedhulumiwa. Watoto wake huirithi kama dai, na watoto wa dhalimu huirithi kama mzigo, hata kama wao wenyewe hawakumtenda mtu neno.

Twaweza kutazama habari ya Wameru wa mlima Meru, karibu na Arusha. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwatoa watu wapatao 3,000 katika nchi yao ya Engare Nanyuki, ili nchi ile itumiwe na walowezi wa Kizungu. Walionyeshwa nchi nyingine, Kingori, nao walikataa kwenda. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York akalisemea jambo lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakurudishiwa nchi yao wakati ule. Lakini angalia namna ya dai lao: hawakwenda kuomba wahurumiwe, wala hawakutaka kupozwa kwa kitu kingine. Walitaka kitu kile kile kilichotoka mikononi mwao. Hilo ndilo dai la mtu aliyedhulumiwa, lisilofanana na dai la mtu aliyeonewa tu.

Katika Kenya neno hili limepewa kazi rasmi. Huko husemwa “dhuluma za kihistoria,” hasa katika habari za ardhi, na Katiba ya mwaka 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuzichunguza. Katika pwani ya Kenya habari hizo zina mizizi mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu waonyeshe dai lao la kumiliki. Na wengi wa Mijikenda, ambao wazee wao walilima na kuzika pale, walijikuta hawana karatasi, wakahesabiwa kuwa maskwota katika ardhi yao. Neno dhuluma lilichaguliwa vema hapo, kwa kuwa kitu kilichochukuliwa hakijaondoka. Kipo, chaonekana, na kina mtu akishikaye.

Yafaa msomaji wa magazeti ya nchi zote mbili ajue ya kuwa Wakenya wamelipanua neno hili kupita Watanzania. Jambo ambalo Mtanzania huliita ukatili wa kijinsia, au unyanyasaji wa kijinsia, Mkenya huliita pia dhuluma ya kijinsia. Hatuna ugomvi na matumizi hayo, kwani yanalirudia pana la Kiarabu. Twasema tu kwamba mwalimu akilikuta neno hilo katika gazeti la Nairobi asidhani mara moja kuwa mali imeibwa.

Waliotafsiri Biblia nao walilitumia neno hili sana. Agano Jipya lililofanyizwa Unguja chini ya Askofu Edward Steere lilitoka mwaka 1883, na Biblia nzima mwaka 1891. Baadaye tafsiri ya umoja, iliyotoka mwaka 1952, ikaenea bara na pwani. Katika tafsiri hiyo ya umoja, neno la Kiyunani adikia, maana yake hali isiyo na haki, mara nyingi lilitiwa udhalimu. Hivyo tuna wakili dhalimu na kadhi dhalimu katika Injili ya Luka. Wakili yule alichezea mali ya bwana wake, basi jina lamfaa bila shaka. Lakini kadhi, alimchukulia yule mjane nini? Alizuia hukumu aliyostahili kupewa. Yaani haki yenyewe ni mali. Na mwenye kuizuia, hata asipotia kitu mfukoni mwake, amedhulumu.

Mfano wa wafanya kazi katika shamba la mizabibu, katika Injili ya Mathayo, wafundisha zaidi. Wale walioanza asubuhi walinung’unika kwa kuwa walioanza jioni walilipwa sawa nao. Mwenye shamba akakana kosa, na katika tafsiri ya umoja kitenzi anachokikana ni kudhulumu. Jibu lake ni sahihi: walipatana dinari, nao walipewa dinari, hakuna kilichozuiliwa. Lakini manung’uniko yao hayakuwa ya dhuluma. Yalikuwa ya ugawaji, nayo yana maneno mengine, ambayo tutayafikia. Wasomaji wengi hawautambui ugumu wa mfano huu kwa sababu hawaoni ya kuwa wale watu walilalamikia jambo moja, wakajibiwa jambo jingine.

3. Kupunja

Neno hili lina makao yake penye kupima na kulipa. Zamani nafaka ilipimwa kwa pishi na vibaba, na pishi moja ni vibaba vinne. Kibaba chenyewe kilikuwa na namna mbili: kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kufanya kichuguu juu, na kibaba cha mfuto, kilichopanguswa kikawa sawa na mdomo wa chombo. Mfanya biashara asiye mwaminifu alimnunulia mkulima kwa tele, akamwuzia mlaji kwa mfuto. Hakuiba, kila mtu alikiona kibaba, na kila mtu alikubali bei. Lakini katikati ya tele na mfuto palikuwa na faida yake iliyofichika. Huko ndiko kupunja.

Kupunja ni kama dhuluma iliyokatwa vipande vidogo, kila kipande kidogo mno hata hakifai kupelekwa barazani. Aliyeonewa ajua saa ile ile ya kuonewa. Aliyedhulumiwa ajua siku anyimwapo. Aliyepunjwa huenda asijue mpaka kufa kwake.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kupunja kulipata chombo kipya, nacho ni kipande. Kipande kilikuwa karatasi ya siku 30 za kazi. Kila siku ambayo mtu alimaliza kazi yake ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa kipande kilipojaa. Basi siku isiyotiwa alama ilikuwa siku iliyopotea, hata kama jasho lilikwisha kumwagika. Wengi wa wafanya kazi hawakujua kusoma. Malipo yao yalining’inia penye kalamu ya mwingine.

Katika Kenya neno lile lile kipande lilitaja kitu kingine, yaani cheti cha kuandikishwa ambacho sheria ya mwaka 1915 ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kukichukua. Kilianza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nacho kiliwekwa ndani ya kikasha cha bati na kuvaliwa shingoni. Hapo kosa halikuwa la kupunja. Hata kama mshahara ulilipwa wote, mtu mzima alivalishwa bati shingoni kama mnyama wa kufugwa. Wenye kipande cha kule walilalamika kwa kuonewa. Wenye kipande cha huku walilalamika kwa kupunjwa. Jina la kitu lilikuwa moja, na uchungu ulikuwa mbalimbali.

4. Kupendelea na Kubagua

Maneno haya mawili ni ya mkono ugawao. Kupendelea kumetoka katika kupenda, na peke yake hakuna lawama: mtu aweza kupendelea wali kuliko ugali. Lawama huingia pale mtu alipopewa kazi ya kuwagawia wengi, kama baba penye watoto wake, mwalimu penye wanafunzi, au hakimu penye wadai wawili. Kwake yeye upendeleo ni kosa, kwa sababu kitu agawacho si chake, au kama ni chake, wote wana tumaini sawa juu yake. Angalia ya kuwa katika upendeleo huenda pasiwe na mtu aliyepungukiwa. Kila mtoto alikula akashiba. Mmoja alipewa mnofu, na wenziwe waliona. Ndiyo hali ya wale wafanya kazi wa asubuhi: dinari yao ilikuwa nzima, lakini macho yao yalikuwa juu ya dinari ya mwingine.

Kubagua kulianza bila hatia kabisa. Mama hubagua mbegu, njema huku, mbovu kule. Ni kazi ya akili, na asiyeweza kubagua hatapata mavuno. Ubaya ulianza watu walipobaguliwa kama mbegu. Katika Tanganyika ya Waingereza shule zilitengwa kwa Wazungu, kwa Waasia na kwa Waafrika, nazo ziliunganishwa tangu mwaka 1962. Hata katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa kuwachagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ingawa Waafrika walikuwa wengi mno kuliko wengine. Ukitazama karatasi ya kura tu, kila mtu alipewa kiasi sawa. Kosa lilikuwa katika vichungu vyenyewe, kwa kuwa watu walikwisha kutengwa kabla ya kupimwa.

Kwa kuwa neno hili lina maana mbili, ya kuchambua na ya kudhuru, sheria yenyewe iliona haja ya kulieleza. Haki za raia zilipotiwa katika Katiba ya Tanzania kwa mabadiliko ya mwaka 1984, ibara ya 13 haikutosheka na kukataza kubagua. Ililieleza neno hilo, kwamba ni kutimiza haja na haki za watu kwa kutazama mambo kama utaifa wao, kabila lao au mahali walikotoka. Tukikumbuka mama na mbegu zake, twafahamu sababu ya maelezo yale.

5. Maneno Yaliyogeuka Njia

Jeuri ni neno la Kiarabu pia. Kwao maana yake ni kuiacha njia iliyonyoka, na hutumika hasa kwa mtawala anayewatesa raia zake. Katika Kiswahili cha zamani nalo lilitaja mabavu na ukatili wa mwenye nguvu. Lakini sikiliza litumikavyo katika nyumba zetu: mtoto ni jeuri, mtumishi ni jeuri, mke wa fulani ana jeuri. Neno lililokuwa la kumlaumu mfalme limeshuka ngazi, likawa la kumlaumu aliye chini asipotii. Katika nchi iliyokuwa na mabwana na watumwa, ambayo soko lake kuu la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria huko mwaka 1897, si ajabu kuwa neno la lawama lilikaa zaidi vinywani mwa mabwana.

Adili nalo liligeuka, ila kwa wema. Kwa Waarabu ndilo lililo kinyume cha dhuluma, yaani haki ya mwamuzi. Kwetu limekuwa la mwenendo: mtu mwadilifu ni mtu wa tabia njema, na maadili ni mafundisho ya tabia. Nafasi yake barazani imechukuliwa na neno haki.

Kunyonya ni kazi ya mtoto kwa mama yake, na hakuna tendo lisilo na hatia kuliko hilo. Katika siasa za karne ya 20 lilifanywa neno la mtu alaye jasho la wenziwe. Unyonyaji ukawa jina la desturi nzima, na kupe akawa mfano wake. Pamoja nalo yaligeuka maneno mawili ya cheo na kazi. Kabaila alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, na bepari alikuwa mfanya biashara tu, neno lililotoka kwa Wahindi. Azimio la Arusha lilipotangazwa, yote mawili yalikuwa yamekwisha kuwa maneno ya lawama. Twajifunza hapa ya kuwa maneno ya dhuluma hufuata nguvu ya nchi: nguvu ikihama, lawama nayo huhama.

6. Haki

Maneno yote tuliyoyataja huegemea hili moja. Haki kwa Kiarabu ni ukweli, tena ni stahili ya mtu. Waswahili waliyapokea yote mawili, lakini la stahili ndilo lililopata nguvu: “Nipe haki yangu” ni maneno ya mtu ajuaye kuna kitu kilicho chake. Wazee nao hunena, “Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.” Yaani hata mtu mkimdharau, kilicho chake ni chake.

Waliotafsiri Maandiko wakaliongezea mzigo mwingine, wakalitumia kwa utakatifu wa mtu mbele ya Mungu. Kwa hiyo kanisani “mwenye haki” ni mtu mwema, na barazani “mwenye haki” ni mtu mwenye dai la kweli. Wakristo wetu huzichanganya maana hizi pasipo kujua. Mtu asiye na sifa njema akileta dai la kweli, wako wanaoona vigumu kusema kuwa ana haki, kwa kuwa masikioni mwao neno hilo limekwisha kuwa taji la watakatifu. Yafaa mwalimu alieleze jambo hili waziwazi: mlevi naye aweza kudhulumiwa, na akidhulumiwa, shamba ni lake.

7. Faida kwa Waalimu na Wachungaji

Sasa twarudi kwenye jambo tulilolitaja mwanzo. Katika maneno haya yote, neno zito kulitamka ni dhalimu. Kumwita mtu dhalimu ni kumweka kundi moja na Firauni. Kusema nimeonewa ni wepesi zaidi, kwani kwanena habari ya uchungu wangu, wala hakumtaji mtu kuwa ameshika mali yangu. Kwa hiyo mnyonge, kwa heshima au kwa hofu, mara nyingi hulichagua neno la kuonewa hata pale alipodhulumiwa. Mjane ambaye shemeji zake wamelitwaa shamba alilolima na marehemu mumewe huja kwa wazee wa kanisa na kusema, “Wazee wangu, naonewa.” Hasemi, “Shemeji wamenidhulumu,” maana hao ndio watakaomzika, tena ndio baba wadogo wa watoto wake. Wazee wasikiapo kuonewa, huleta dawa ya kuonewa: humfariji, humwombea, huwaonya shemeji wawe na maneno mazuri. Shemeji hukubali kwa furaha, kwa kuwa maneno mazuri hayana gharama. Shamba halikutajwa, nalo halirudi. Wazee hawakukusudia ubaya. Walilijibu neno walilolisikia.

Basi twashauri ya kuwa mwenye kusikiliza shauri asitosheke na neno la kwanza. Na aulize kwanza: “Je, kuna kitu chako kilicho mikononi mwao?” Kikiwapo, hiyo ni dhuluma, na dawa yake ni kurudisha, faraja haiwezi kushika mahali pake. Kisha na aulize: “Ulipopewa, kulipimwaje, nani alishika kipimo?” Hapo kupunjwa kutaonekana, na dawa yake ni kupima upya mbele ya wote. Tena: “Wenzio walipewa nini, na kwa sababu gani?” Hapo utaonekana upendeleo au ubaguzi, na dawa yake ni kugawa upya, au kuvunja vichungu vilivyotengwa. Majibu yote yakiwa hapana, na bado mtu analia, basi ni kuonewa kweli, na aliyeonewa ataka mtu wa kusimama katikati yake na mwenye nguvu. Hilo nalo si dogo.

Shuleni hali ni ile ile. Mtoto asemapo, “Mwalimu ananionea,” huenda anakusudia kuwa daftari lake lilichukuliwa halikurudishwa, au kuwa alama zake zilihesabiwa pungufu, au kuwa yeye hupewa ufagio kila siku na mwingine hapewi kamwe, au kuwa huchekwa mbele ya darasa kwa sababu ya nguo zake. Ni makosa manne, na mtoto ana neno moja. Mwalimu amfundishaye maneno mengine matatu amempa kitu cha kumfaa hata akiwa mzee, siku atakaposimama mbele ya wengine kudai kilicho chake.

Mwisho twaomba wenzetu walioko bara, wenye lugha zao wenyewe, watazame jinsi wazee wa kwao wayatengavyo mambo haya. Wakati wa kuyatafsiri malalamiko ya watu kutoka lugha za nyumbani, twaelekea kuyatia yote katika kuonewa, kwa kuwa ndilo neno jepesi kulishika. Wenye maneno ya kwao yanayotaja dhuluma ya mpaka, au ya mirathi, au ya kipimo, na watuandikie pamoja na mifano ya matumizi yake, ili yasipotee, na ili watu waliodhulumiwa wasikose neno la kudai haki yao.